Tunapanda kuni tarehe 5 Juni

Najua nimewatupa, karibu mwezi mzima sijaandika chochote hapa. Sababu mnazijua wenyewe: testi mfululizo, kazi ya kundi ambayo kundi lenyewe ni mimi na watu wanne wasiopokea simu, halafu hili sekeseke la maji hosteli. Wiki hii yanatoka saa kumi alfajiri, na kabla hujamaliza kujaza ndoo ya pili yameshakata.

Sasa juzi natoka zangu kantini saa saba mchana, jua la utosi, nikakuta mpira wa maji umefunguliwa mbele ya jengo la utawala unamwagilia ukoka. Nusu ya maji yanaingia kwenye nyasi, nusu yanatiririka barabarani. Nilisimama pale kama mtu aliyepotea njia. Sikukasirika kwa sababu ya ndoo zangu tu (ingawa nilikasirika, nisiwadanganye). Nilichokumbuka ni Kisarawe, na ile miche mia tatu. Nimekuwa nikisema nitaandika habari ya ile miche tangu niliporudi kutoka BTP, nikawa naahirisha. Leo naiandika, na wale walimu watarajiwa wenzangu msome mpaka mwisho maana mtakwenda kuyakuta hayo hayo.

Nilifanya mazoezi ya kufundisha Julai na Agosti 2024, shule moja ya sekondari wilayani Kisarawe, ndani ndani kidogo, siyo pale mjini. Jina nitalihifadhi, walinipokea vizuri na mama mpishi alikuwa ananiwekea ukoko. Pale mjini Kisarawe watu wana afadhali ya maji tangu ule mradi wa kutoka Kibamba ulipozinduliwa na Rais Magufuli Juni 2020. Sisi huku ndani tulikuwa na kisima kimoja cha kuvuta kwa mkono, mteremkoni, mwendo wa dakika kama kumi na tano kwa mtu asiyebeba kitu. Ukiwa na ndoo kichwani hiyo hesabu ni nyingine.

Siku ya kwanza tu niliona uwanja mzima umepangwa vijiti kwa mistari iliyonyooka kabisa. Nikadhani ni alama za ujenzi. Kusogea karibu, kumbe ni miche. Kila mche una kibao chake kidogo cha bati na jina la mgeni aliyeupanda. Kwenye kibao rangi bado inang'aa, kwenye mche hakuna jani hata moja.

Ilipandwa tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Mwaka ule kaulimbiu ya dunia nzima ilikuwa kurejesha uoto wa ardhi, kuzuia jangwa na kuhimili ukame. Nimerudia kuhimili ukame makusudi. Halafu angalia kalenda yetu ya Pwani. Masika yanaanza Machi, yanamalizika Mei. Juni inaingia kipupwe, upepo wa kusi unavuma, na watu wanaona ubaridi wanadhani ardhi nayo imepoa. Haijapoa, inakauka. Upepo ule unanyonya maji kwenye udongo na kwenye majani mchana na usiku. Kutoka hapo mpaka vuli ni Oktoba ikiwa mambo mazuri, na vuli ikigoma, kama ilivyogoma 2022, mche unangoja mpaka Machi nyingine, huku Januari na Februari jua linapiga nyuzi 32, 33. Yaani tunachukua kitoto cha mti chenye mizizi ya urefu wa kiganja, kimelelewa kitaluni kwenye kivuli na kumwagiliwa kila siku, tunakipeleka kwenye mchanga mkavu mwanzoni mwa miezi minne ya bila mvua, tunapiga picha, tunaondoka.

Na kumbukeni masika ya 2024 hayakuwa ya mchezo. Aprili ile Rufiji na Kibiti, mkoa wetu huu huu, watu walihama nyumba kwa mafuriko. Maji yalikuwepo mpaka yanaua. Tukakaa tukangoja yaishe, ndipo tukapanda.

Kibaya zaidi, Juni ni likizo. Shule zilikuwa zimeshafungwa, waliopanda ni kidato cha nne waliokuwa kambini pamoja na wageni. Kidato cha nne hao hao Novemba wanafanya mtihani na kuondoka. Wengine wote walirudi Julai wakakuta miche ambayo hawakuipanda, hawakuulizwa, na wanaambiwa waimwagilie.

Nchi hii tayari ina Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili. Kwa Pwani hiyo ndiyo tarehe yenye akili: mvua ipo, wanafunzi wapo, mche unapata miezi miwili ya kushusha mizizi kabla ya mtu yeyote kushika ndoo. Hoja yangu ya leo inaanzia hapa. Nikisikia mtu anasema "miti ilikufa kwa ukame" huwa nataka kumuuliza ilipandwa lini, na waliopanda walikuwa na ndoo ngapi. Nina wasiwasi kwamba ukame tunausingizia mambo mengi ambayo tumeyafanya sisi wenyewe kwa kalamu na ratiba.

Twende kwenye ndoo sasa. Mimi ni mtu wa Jiografia na Hisabati, mtanisamehe. Mche mchanga kwenye mchanga wa Kisarawe, kiangazi, ukitaka uishi kweli, uupe kama lita tano mara mbili kwa wiki, zimwagwe polepole mpaka zishuke chini. Miche 300 mara lita 5 ni lita 1,500. Ndoo yetu ni ya lita 20 lakini mtoto hawezi kuijaza, akipanda ule mlima inafika na lita 15. Kwa hiyo ni safari 100. Mara mbili kwa wiki, safari 200. Na hapo hujapika uji, hujasafisha choo, hujanywa mtu maji. Nilifanya hesabu hii ubaoni na kidato cha pili kama zoezi la kuzidisha na kugawanya. Walipofika mia mbili darasa lilinyamaza, halafu mmoja nyuma akasema, "Ndo maana." Basi. Hakuna aliyecheka.

Hakuna aliyekuwa amefanya hesabu hiyo kabla ya kuleta miche, na ndiyo hesabu rahisi kuliko zote. Miche ilikuja mia tatu kwa sababu gari lilikuwa na nafasi ya miche mia tatu! Halmashauri zinaambiwa kila moja ipande miti milioni moja na nusu kwa mwaka, zinagawa kwa kata, kata inagawa kwa shule, na ripoti inayoandikwa ni ya iliyopandwa. Iliyopona inaandikwa wapi? Mimi sina ugomvi na lengo, miti tunaihitaji. Ila anayehesabu siku ya kupanda arudi ahesabu Februari.

Basi nani alikuwa anaimwagilia? Wachelewaji.

Hapa ndipo ninapotaka walimu wenzangu mnisikilize, maana ndicho kilichoniuma kuliko miche yenyewe. Utaratibu ulikuwa hivi: ukichelewa paredi, ndoo tatu. Usipochomekea, ndoo mbili. Ukiongea kilugha, ndoo. Mwalimu wa zamu anaandika majina, jioni kundi la wakosaji linashuka kisimani. Nilifuatana nao siku moja. Kijana mmoja alifika kwenye mstari wa miche, akamimina ndoo nzima kwenye mche mmoja kwa nguvu, shwaaa, udongo ukahama, mzizi ukabaki nje, akageuza ndoo akaikalia. Nikamwuliza, wewe, mbona hivyo? Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hii miti ni ya wachelewaji. Wachelewaji wakiisha miti itajua yenyewe."

Mnaona? Amejifunza somo, tena kalielewa vizuri. Amejifunza kwamba mti ni kiboko chenye majani. Mtoto huyu baba yake ana mikorosho, nyumbani kwao anapalilia, anajua mmea kuliko mimi niliyesomea kwenye makaratasi. Shule imemfundisha kuuchukia. Halafu kwenye mtihani wa Uraia tunamwuliza ataje faida tano za kutunza mazingira, anataja zote tano, anapata maksi zote.

Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe sehemu ya kusoma, watoto wapange, wafanye makosa, wahesabu mavuno, wale jasho lao. Hata yeye hakutaka watoto wawe vibarua. Sasa tumebaki na jembe tu, ile sehemu ya kupanga na kuhesabu tumeiacha njiani. Na mkumbuke wakosaji wanaotumwa maji kwa kweli ni wasichana. Wavulana wanaambiwa wafyeke, wasichana wanaambiwa wachote. Nilihesabu siku nne mfululizo, mtanisamehe tena kwa kupenda kuhesabu: kati ya ndoo tano zilizopanda mlima, nne zilikuwa kichwani kwa msichana. Kwa hiyo ukipanda mche usio na hesabu ya maji, jua kuna binti wa kidato cha kwanza umemwandikia kazi ya miezi tisa bila yeye kujua.

Mwisho wa Agosti tuliikagua yote na kidato cha pili. Kati ya 300, hai ilikuwa 23. Wengine mtasema mbuzi. Ni kweli, mbuzi wanahusika, tuliona meno yao kwenye miche kama thelathini hivi. Ila nyingine ilikauka wima, haijaguswa na kiumbe.

Kilichonifurahisha ni wapi hizo 23 zilikuwa. Kumi na nne zilikuwa nyuma ya jiko. Mama mpishi akiosha mchele na maharage anamwaga pale, mara mbili kwa siku, miaka nenda rudi, hakuna aliyemtuma. Nilipomwambia amefanya kazi kubwa kuliko shule nzima alinishangaa, akasema, "Mwanangu, sasa ningemwaga wapi?" Tisa zilizobaki zilikuwa chini ya mkungu mkubwa kwenye kona ya uzio, mahali ambapo hakuna darasa lililopangiwa kufagia. Majani ya mkungu, mnayajua yalivyo makubwa, yalikuwa yameanguka yamefunika udongo wote. Nikaingiza mkono chini yake. Udongo ulikuwa na ubaridi. Unyevunyevu. Agosti!

Kumbe kwingine kote, kila asubuhi saa moja, shule nzima inafagia. Fagio za chelewa, vumbi mpaka kooni, jani likianguka linafagiliwa, linakusanywa, linachomwa. Uwanja unabaki mweupe kama sahani. Huo ndio usafi tuliolelewa nao wote, mimi pia nimefagia sana. Asubuhi tunachoma blanketi la mti, jioni tunamtuma mtoto kisimani kwa sababu mti umepata joto. Hiyo imekaaje?

Kama mnabisha nendeni Kazimzumbwi. Si mbali, ule msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi uko hapo hapo Kisarawe, ukitoka Gongo la Mboto ni karibu kabisa. Ingieni ndani mwezi wa nane. Nje udongo unapasuka, ndani mnakanyaga majani kama godoro, na chini yake kuna unyevu. Hakuna mtu anayeumwagilia ule msitu na hakuna mtu anayeufagia. Nilikwenda na wanafunzi Jumamosi moja, na niwaambie, somo la mzunguko wa maji nililokuwa nalihangaikia kwa wiki mbili ubaoni walilielewa kwa dakika tano wakiwa wamechuchumaa.

Mtasema rahisi kuongea, mwalimu wa BTP wa wiki nane anajua nini. Haya, ngoja niwape ya nyumbani, na hii siyo ya kujisifu.

Nyumbani kwetu ni Kibaha, upande wa ndani kutoka Maili Moja. Mama ana bustani nyuma ya nyumba: mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu, nyanya kidogo. Siyo ya urembo. Anauza mafungu kwa majirani na kwa mama ntilie wawili, ndiyo sabuni, ndiyo vocha, ndiyo daftari. Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu kikashuka vibaya, mvua hakuna, ukatangazwa mgawo wa maji. Jambo la kuchekesha ni kwamba mitambo miwili mikubwa inayochukua maji ya Ruvu iko mkoani kwetu, Ruvu Juu pale Mlandizi na Ruvu Chini Bagamoyo. Tunaishi karibu na chanzo, tukawa tunanunua dumu kama watu wa mjini. Mto ukishuka, jirani yake na aliye mbali wote wanashika ndoo.

Mimi nikapewa bustani. Mama alikuwa na matuta manane. Nikajiona mjanja: maji ni kidogo, nitagawa sawa kwa sawa. Kila jioni nikawa napita na kopo, kila mmea unapata tone lake, haki bin haki. Udongo juu unakuwa mweusi unapendeza, naingia ndani nimeridhika. Wiki ya pili mchicha ukaanza kutoa mbegu ukiwa mfupi kama kidole. Nyanya zikaangusha maua yote. Nilipong'oa mche mmoja kuangalia, mizizi yote ilikuwa imejikunja juu juu pale ambapo kopo langu lilikuwa linafika, kama watoto wanaongoja uji. Chini yake mchanga mkavu kabisa. Kwa ile haki yangu, nilikuwa nimeifundisha mimea yote isitafute maji chini, halafu kila saa sita mchana inachomwa juu.

Mama alikuja akaangalia. Hakunisema. Akainama akaanza kung'oa. Aling'oa matuta matano yeye mwenyewe kwa mkono, mengine yalikuwa bado na majani ya kuuza wiki ile. Nilimwambia mama utapata hasara, akasema hasara nimeshaipata, nachagua ukubwa wake. Nyanya zote nje. Yakabaki matuta matatu: matembele, bamia na mchicha. Maji yale yale yaliyokuwa hayatoshi manane yakatosha matatu.

Hapo ndipo mengine yalipofaa. Matuta tuliyabomoa, maana tuta lililoinuka ni la masika, linamwaga maji. Tulichimba vijaruba, bustani ikazama chini ya usawa wa ardhi kama kina cha kiganja, maji yakimwagwa hayana pa kukimbilia. Mchanga wa Kibaha haushiki maji, unayapitisha kama chujio, kwa hiyo tulichanganya samadi ya zamani iliyooza. Juu tukatandaza nyasi kavu na pumba za mpunga. Mchicha tukaujengea kichanja kifupi cha makuti upande wa magharibi, kwa sababu jua la saa nane mpaka saa kumi ndilo linaloua. Tukawa hatumwagilii kila siku, ni kila baada ya siku mbili au tatu, alfajiri, lakini mpaka maji yashuke. Ukitaka kujua kama yameshuka, chomeka kidole chote. Kikitoka kikavu nchani hujamwagilia, umepaka rangi tu.

Bamia tulizipa chupa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa pini iliyopashwa moto, kata kitako, uichomeke kichwa chini karibu na shina, ijaze. Inadondosha yenyewe kwenye mzizi. Ila ziba juu kwa kitambaa au jiwe bapa, mbu wanapenda sana vitu vya namna hiyo na wote tunakumbuka dengi ya 2019 ilivyotutesa. Maji ya kuoshea mchele na mboga yote yaliingia bustanini. Maji ya sabuni ya unga hatukuthubutu kuweka kwenye mchicha, hayo yalikwenda kwenye mgomba nyuma ya bafu, ambao katika ukame ule wote ulikuwa umenenepa kama mheshimiwa.

Sitaki mseme nimewapa dawa ya miujiza. Mchicha tulipoteza nusu hata hivyo. Bamia zilikuwa fupi na ngumu kidogo. Ila matembele hayakukatika hata wiki moja, na mafungu yaliendelea kutoka nyumbani kwetu wakati matuta mengi ya mtaani yalishakuwa vumbi. Januari 2023 mdogo wangu alinunuliwa daftari kwa hela ile. Mama angekubali haki yangu ya kopo kwa matuta yote manane, asingekuwa na hata moja.

Ndiyo maana nilipoona miche mia tatu kule Kisarawe nilijua mwisho wake kabla sijafungua begi. Nilipeleka ile hesabu yetu kwa makamu mkuu wa shule. Shikamoo zote nilitoa, karatasi nimeipanga vizuri, na pendekezo: mwaka unaofuata shule iombe miche arobaini badala ya mia tatu, ipandwe wiki ya kwanza ya Aprili, kila mkondo uchague yake na kuipa zamu kama zamu nyingine za shule, siyo adhabu, wavulana na wasichana sawa. Majani yasichomwe, yarudishwe shinani, yaachwe umbali wa vidole vinne kutoka kwenye shina lenyewe yasije yakaliozesha. Alisoma yote, mzee wa watu, tena akavaa miwani. Kisha akaniambia, "Mwalimu, nikiomba arobaini wataandika kwamba shule yangu haipendi mazingira."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona alisema kweli. Mtu anayepanda arobaini zikapona thelathini na tano anaonekana mvivu mbele ya aliyepanda mia tatu zikapona ishirini na tatu. Kwa hiyo lawama siiweki kwake. Naiweka kwa anayepokea ripoti bila kuja kuchungulia, na siku moja inawezekana kabisa anayepokea ripoti ni mmoja wetu tunaosoma hapa, afisa elimu kata fulani mwenye kitambi na pikipiki. Mkifika huko nikumbukeni.

Kuna wale watakaosema, watu hawana maji ya kunywa wewe unaongelea maua. Nakubaliana nao kuliko wanavyofikiri. Ukoka wa mbele ya ofisi, ile miti ya ashoki ya kupendezesha geti, mwaka wa ukame acheni ife, ukoka utarudi wenyewe mvua ikinyesha. Kama shule ina ndoo kumi tu za kuwapa mimea, ziende kwenye mchicha wa uji na maharage, na kwenye mti mmoja wa kivuli kila darasa. Mlonge, mwarobaini, mkorosho, hivyo ni vitu vyetu, vikishapata mwaka mmoja wa kushika mizizi havikudai tena. Mama alianza kwa kuamua kipi kife. Ofisi zetu hazipendi kuamua hivyo, zinagawa kopo kopo mpaka vyote vinakufa kwa usawa.

Makamu aliniruhusu kitu kimoja, mstari mmoja wa miche usifagiliwe kwa wiki zangu mbili za mwisho. Kidato cha pili waliweka kibao chao, wameandika kwa chaki: HAPA HAPAFAGILIWI KWA AMRI YA JIOGRAFIA. Mwalimu wa zamu alikasirika kweli, akasema panaonekana pachafu. Panaonekana pachafu, sikatai.

Haya, saa tano inakaribia na maji ni saa kumi. Nimepanga ndoo zangu mlangoni. Kwenye dirisha nina chupa mbili zinazonyesha kwenye kopo la mchaichai, mwenzangu wa chumbani anadai chai yake humo na hajawahi kuchota hata kikombe. Ngoja nikalale.